Mini ya 1966 na waipa zilizogoma: mota ilisingiziwa

Gari ni Morris Mini ya 1966, Mark I, yaani toleo la kwanza, ile yenye injini ndogo ya cc 848. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu, mzee wetu yuko Dar siku hizi, ila gari lilikaa Tanga miaka mingi sana chini ya banda la makuti karibu kabisa na bahari, na hilo la bahari lishike kwanza maana ndo lilileta yote haya. Bodi limenyooshwa, rangi imepigwa upya, injini inawaka kwa mkupuo mmoja, vyote safi, ikabaki waipa tu. Na mzee kwenye waipa hataki utani, si unajua masika ya Dar, ukiwa barabara ya Bagamoyo saa kumi na mbili jioni mvua ikishuka ile yenyewe, bila waipa unaendesha kwa kusikiliza honi za wenzako.

Dalili zilikuwa hivi. Ukiwasha swichi waipa zinaanza kupanda, polepole, zinafika katikati ya kioo zinasita, zinajikongoja tena, halafu zinakwama. Ukizima zinabaki palepale zilipokwamia, hazirudi kulala chini. Ukiacha swichi imewashwa zikiwa zimekwama, baada ya muda unasikia harufu ya vanishi ya koili na ukigusa mota imechemka huwezi kuweka kiganja. Fundi wa kwanza aliyeona fyuzi inakatika akafanya ile dawa ya mafundi wetu wote, akatoa fyuzi akafunga waya wa shaba. Mini za wakati ule zina fyuzi mbili tu gari zima, za ampea 35 kila moja, na moja wapo ndo inalisha waipa, indiketa, taa za breki na feni ya hita, kwa hiyo ukishaweka waya pale umeondoa mlinzi wa karibu kila kitu kinachofanya kazi ukiwasha swichi ya gari. Hiyo waya nilitoa kabla sijagusa kitu kingine chochote.

Kabla hatujafika kwenye vipimo, kulikuwa na maneno matatu yanazunguka kuhusu hii gari, na kila neno lilikuwa na mtu wake analitetea.

La kwanza la rafiki yake mzee, mtu wa rika lake, alikuwa anasema muacheni, gari za Mwingereza waipa zake ndivyo zilivyo, zinachoka, hata enzi zetu ukipanda mlima wa Kitonga zinalala. Sasa mzee yule hadanganyi, anakumbuka vizuri ila anakumbuka gari nyingine. Ford Anglia zile za 100E, za miaka ya 1953 mpaka 1959, waipa zake hazikuwa na mota ya umeme, zilikuwa zinaendeshwa na mvuto wa hewa kwenye manifoldi ya injini, ile njia ya kuingizia hewa. Ukikanyaga mafuta kupanda mlima mvuto unapungua na waipa zinapoa kabisa, ukiachia pedeli zinakimbia kama zimefukuzwa. Mini haina hiyo kitu. Mini toka ya kwanza ya 1959 waipa ni za umeme, mlima hauzihusu.

La pili lilikuwa la kijana mmoja fundi umeme. Aliona betri ya hii gari imefungwa chanya kwenye bodi, akasema lazima kuna mtu aligeuza, na ndo maana mota inazunguka kinyume na inahangaika. Hapana. Mini zote za kipindi hicho zilitoka kiwandani chanya ikiwa ndo ethi, yaani ndo iliyofungwa kwenye bodi, zikaja kubadilishwa kuwa hasi mwishoni mwa miaka ya 60. Na hata kama kweli mtu angegeuza betri, mota ya waipa ya hii gari isingejali. Ni Lucas DR3A, ndani haina sumaku ya kudumu, fildi yake, ile sehemu iliyosimama inayotoa usumaku, ni koili, kwa hiyo ukigeuza umeme unageuza fildi na amecha, yaani sehemu inayozunguka, vyote kwa pamoja, mota inaendelea kuzunguka upande uleule kama hakijatokea kitu. Kijana hakuamini mpaka nilipomfungia mota mezani nikageuza waya mbele yake.

La tatu ndo lililokuwa limeshika nguvu, na ndo karibu limgharimu mzee gari lake. Fundi mmoja wa Gerezani, ule mtaa wa Dar, aliangalia, akawasha mara moja, akafunga boneti. "Mzee wangu hii mota imekufa, na spea yake hupati dunia hii, mi nakuwekea ya Toyota Starlet, laki na nusu na ufundi humo humo, unasahau habari ya waipa." Mzee akamwambia ngoja kwanza kijana wangu nifikirie, akanipigia simu.

Sina ugomvi na mota ya Starlet, ni mota nzuri, ina nguvu, na kuna gari za zamani nimeona zimefungwa mota za Kijapani zinafanya kazi vizuri tu. Shida ni kwamba kwenye Mini hii kazi yake ni kubwa kuliko alivyoisema, na zaidi ya hapo hakuna mtu aliyepima kama mota ndo mgonjwa.

Ili tuelewane nieleze huu mtambo unavyofanya kazi maana ni tofauti na gari za leo. Gari za kawaida mota inazungusha mkono, mkono unavuta fimbo za chuma, fimbo zinageuza shafti za waipa. Kwenye Mini hakuna fimbo. Mota inazungusha gia kubwa, kwenye ile gia kuna pini ya pembeni imeshika kijiti, kijiti kinavuta na kusukuma kebo ya chuma iliyopita ndani ya paipu nyembamba. Hiyo kebo si ya kawaida, juu yake imezungushiwa waya mwingine kwa nafasi sawasawa kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na zile nafasi ndo meno yenyewe. Kebo inapita kwenye viboksi viwili vilivyojificha chini ya kioo, kila kiboksi kina kijigia kinachong'ata yale meno, kebo ikienda kijigia kinageuka huku, ikirudi kinageuka kule, na shafti ya kijigia ndo inatokeza nje ya bodi na kushika mkono wa waipa. Paipu ni vipande vitatu, toka mota mpaka kiboksi cha kwanza, toka kiboksi mpaka kiboksi, na kipande kifupi cha mwisho ambacho mkia wa kebo unapumulia.

Sasa ona jinsi ilivyo rahisi kumsingizia mota. Kebo ikikazwa mahali popote kwenye safari hiyo yote, iwe paipu imebonyea, grisi imeganda, shafti imeshika kutu, anayeonekana kushindwa ni mota. Ndo anayechemka, ndo anayenuka, ndo anayekata fyuzi. Wenzake wamejificha kimya.

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha umeme, rahisi. Betri ilikuwa na volti 12.5, na kwenye terminali za mota waipa zikiwa zinajikongoja nikapata 11.8 hivi, yaani umeme unafika, waya hazijachoka kiasi cha kulaumiwa. Ukipima gari yenye chanya kwenye bodi mita inaweza kukuonyesha alama ya kutoa, usishtuke, geuza tu nyaya za mita.

Cha pili, kutenganisha. Unafungua ile nati kubwa inayoshika paipu kwenye mota, unafungua mota kwenye kikalio chake ndani ya boneti, unatoa mikono ya waipa, halafu unavuta mota na kebo yake inatoka yote taratibu. Hapa ndo mtu unaanza kujua, maana kebo ya hii gari haikutoka taratibu. Ilitoka kwa kunguruma, imebeba grisi ya kahawia iliyokauka imekuwa gamba, kipande kwa kipande kinadondoka kwenye fenda. Nikamwekea gazeti mzee, alikuwa analia na rangi yake mpya.

Halafu mota mezani, peke yake, haina mzigo. Kitabu cha gari kinasema mota hii ikizunguka bila kebo inatakiwa kula kati ya ampea 2.7 na 3.4, na gia yake iende mizunguko kama 44 mpaka 48 kwa dakika. Nilipata ampea 3.1 na mizunguko 45 kwa dakika, nikihesabu kwa kuangalia saa ya mkononi. Yaani mota iliyotangazwa marehemu Gerezani ilikuwa iko ndani ya kipimo cha kiwandani, ikiwa na umri wa kustaafu.

Cha tatu ndo kipimo ninachokipenda kuliko vyote na karibu hakuna anayekifanya, kuvuta kebo kwa mzani. Kitabu kinasema nguvu ya kuisogeza kebo ndani ya paipu isizidi ratili 6, ambayo ni kama kilo 2.7. Mzani wa kiwandani sina, nikaazima ule wa kuning'iniza wa muuza samaki, una ndoano tayari, unafunga kwenye kichwa cha kebo unavuta polepole unasoma. Nikarudisha kebo ndani ya paipu bila mota, nikavuta. Ikapita kilo tatu, ikapita tano, ikafika tisa bado haijasogea, nikaacha kabla sijaharibu meno.

Hapo ubishi ukaisha. Na hapo ndo unaona hatari ya ile Starlet. Mota yenye nguvu zaidi ingefungwa kwenye kebo iliyokazwa hivi isingekwama katikati ya kioo, ingeisukuma kwa nguvu, na kitu cha kwanza kuachia ingekuwa meno ya kebo au ya vijigia, ambavyo ndo vitu kweli vya kutafuta kwa tochi. Mota asilia ya Mini ina nguvu ndogo na ule udogo ulikuwa unaokoa mtambo mzima, ilikuwa inakwama badala ya kuvunja. Bado hujahesabu kutengeneza kikalio kipya, kutafuta namna ya kugeuza mzunguko wa mota kuwa kuvuta na kusukuma, na kuhangaika na sumaku ya kudumu kwenye gari ambayo chanya iko kwenye bodi, wakati mota nyingi za Kijapani zinategemea hasi kwa ajili ya kulaza waipa.

Basi, nani alikuwa anakaza. Kebo ikiwa nje kila shafti ya waipa inatakiwa izunguke kwa vidole viwili tu. Ya upande wa abiria ilizunguka, nzito kidogo lakini ilizunguka. Ya upande wa dereva kwa vidole haikusogea kabisa, kwa plaizi ikajikongoja kidogo tu, na sikukazana nayo maana nyumba ya kiboksi ni aloi ya kumimina, ukiipiga nyundo inapasuka.

Kuvitoa viboksi kwenye Mini ni kazi ya mikono myembamba. Nje unafungua nati ya shafti na raba yake, ndani unaingia kwa chini ya dashibodi ukiwa umelala chali miguu iko nje ya mlango, unalegeza nati ndogo za bamba linaloshika ncha za paipu, unafanya yote kwa kupapasa maana jicho halifiki. Kilichotoka upande wa dereva kilijieleza chenyewe. Raba ya nje chini ya nati ilikuwa imekauka na kupasuka pande tatu, unaweza kupitisha kucha kwenye ufa, kwa hiyo kila mvua na kila umande wa chumvi wa Tanga ulikuwa unatiririka kufuata shafti mpaka kwenye bushi. Shafti ilikuwa imekula kutu kuanzia chini ya uzi wa nati kushuka kama sentimita mbili, kutu ile nyeusi ngumu, na chini yake vishimo. Nikailoweka kwa mchanganyiko wa dizeli na haidroliki ya giaboksi, baada ya kulala humo ikaachia bila kelele. Ila kuachia si kupona. Ukiipangusa unaona vishimo vile, ukiitikisa inacheza kwenye bushi, na kutu ikishaanza kwenye vishimo hairudi nyuma.

Hapa ndo tukaanza ule mjadala wa asilia au mpya, na mzee kama wazee wengi wenye gari za zamani alikuwa na msimamo mmoja, kila kitu kibaki cha mwanzo. Mi msimamo wangu ni tofauti kidogo, nauliza kitu kimoja kimoja, hiki kinaonekana au hakionekani, kinachakaa kwa kazi yake au hakichakai, na kikifa kinakufa vipi. Kiboksi cha waipa hakionekani na mtu yeyote, kimeumbwa kichakae, na kikifa kinakufa mvua ikinyesha. Sioni sababu ya kukitunzia heshima. Tukaagiza kipya kutoka Uingereza, spea za Mini kule bado zinatengenezwa na zinauzwa mpaka leo, ile habari ya hupati dunia hii haikuwa kweli hata kidogo.

Ila kuagiza kuna mtego wake na huu ni wa kuandika kwa kalamu nyekundu. Ukubwa wa kijigia, yaani idadi ya meno yake, ndo unaoamua mkono wa waipa utafagia pembe kubwa kiasi gani. Ukiweka kiboksi kipya upande mmoja na cha zamani upande mwingine na meno hayalingani, waipa moja itafagia zaidi ya mwenzake, zinaweza hata kugongana au moja kupanda kwenye fremu ya kioo. Kwa hiyo hesabu meno ya ulichonacho kabla hujalipa, pima urefu wa shafti, angalia na vile vijistari vidogo kwenye ncha ya shafti vinavyoshika mkono kama ni vyembamba sawasawa, maana mkono wa zamani kwenye vijistari visivyo vyake utakaa vizuri siku ya kwanza na utateleza siku ya mvua kubwa. Muuzaji atakwambia kinaingia Mini zote. Muulize meno.

Kiboksi cha upande wa abiria sikukibadilisha. Bushi yake ilikuwa nzima, shafti safi, tatizo lilikuwa meno ya kijigia yameliwa upande mmoja. Na hapa kuna ujanja wa zamani mzuri sana. Waipa haizunguki duara zima, inaenda na kurudi kwenye sehemu ya duara, kwa hiyo kijigia kinatumia meno ya upande mmoja miaka yote na meno ya upande wa pili hayajawahi kuguswa na kebo, yanang'aa bado. Unageuza shafti nusu duara wakati wa kurudisha kebo, meno mapya yanaingia kazini, mkono wa nje unaupanga upya kwenye vijistari vyake. Hulipi hata senti.

Kebo yenyewe tulibaki nayo. Nikaiosha kwa petroli na mswaki mpaka chuma kikaonekana, nikaipitisha kwenye vidole taratibu kuanzia kichwani mpaka mkiani nikitafuta uzi uliokatika au mahali palipojikunja, hakuna. Paipu nikazipitishia waya wenye kitambaa cha petroli, grisi iliyotoka humo sitaki kuielezea. Kipande cha katikati kilikuwa na kijibonyeo, mtu alifunga redio zamani akaingiza skrubu ndefu ikaenda kuigusa paipu, nikakifungua kwa kupitisha ndani fimbo ya chuma iliyochongwa mviringo na fundi mkereza. Grisi mpya ikapakwa kwa kiasi, ya kawaida ya beringi inatosha, usiijaze mpaka inabubujika maana inakusanya vumbi na vumbi la kwetu likichanganyika na grisi ni msasa.

Mota nikaifungua japo ilipita mtihani, kwa sababu ilikuwa imechemshwa mara nyingi na sikutaka kuirudisha bila kuangalia koili. Vanishi ilikuwa imebadilika rangi kidogo lakini haijapasuka. Komyuteta, ile shaba inayoguswa na kaboni, ilikuwa nyeusi, nikaipangusa kwa kitambaa cha petroli ikarudi rangi ya shaba, kaboni zake bado ndefu zinateleza vizuri kwenye nyumba zake. Bushi ya mwisho wa amecha ni ile ya chuma chenye vinyweleo inayonyonya oili, kama ungebadilisha hiyo unatakiwa uiloweke kwenye oili nyepesi ya injini saa 24 kabla ya kuifunga, hii yetu ilitosha matone machache. Grisi ya giaboksi nikatoa yote nikaweka mpya.

Likabaki lile la waipa kutolala. Hili lilikuwa ugonjwa wa pili kabisa, hauhusiani na kebo, na nadhani ndo uliomchanganya fundi wa kwanza. Kwenye DR3A umeme unaingia moja kwa moja kwenye mota toka kwenye fyuzi, swichi ya dashibodi kazi yake ni kuipa mota ethi, kinyume na watu walivyozoea. Ukizima swichi, ndani ya mota kuna swichi nyingine ndogo kwenye kile kifuniko cha duara inayoendelea kuipa ethi mpaka waipa zifike chini, ndo inaachia. Hiyo ethi ya pili inapita kwenye waya mweusi unaofungwa kwenye bodi, kwa sababu mota yenyewe imekalia raba na raba haipitishi umeme. Gari lilipopigwa rangi, fundi rangi kwa nia njema kabisa akapiga rangi mpaka pale pa kufungia waya, na ule waya ukafungwa juu ya rangi. Kwa hiyo waipa zikiwashwa zinafanya kazi kwa ethi ya swichi, zikizimwa zinafia hapohapo. Nikakwangua eneo la ukubwa wa shilingi mia, nikafunga na washa yenye meno, nikapaka vaselini juu yake isishike kutu. Waipa zikaenda kulala. Mahali pa kulala unarekebisha kwa kulegeza skrubu za kile kifuniko na kukizungusha kidogo kidogo, si kwa kung'oa mikono kila saa.

Baada ya kufunga kila kitu mzani wa samaki ukarudi kazini. Safari hii kebo ilisogea chini ya kilo mbili. Nikaweka fyuzi halisi ya 35, tukamwagia kioo maji, maana usijaribu waipa kwenye kioo kikavu, unaichosha mota na unakikwaruza kioo, tukawasha. Mzee akaziacha zifanye kazi muda mrefu sana bila kusema kitu, halafu akauliza kama anaweza kuzima.

Mikono ya waipa na bledi ni vitu vinavyoonekana kwa hiyo hapo mzee alishinda, vyote vimebaki vya mwanzo. Mikono mtu aliipiga rangi nyeusi ili ifanane na gari za leo, tukaitoa kwa kemikali ya kutoa rangi ikarudi rangi ya fedha. Springi zake bado zinabana. Bledi zake ni fupi sana, kama inchi 10 hivi, na madukani Kariakoo huzipati kwa urefu huo wala kwa kishikio chake. Lakini kinachochakaa kwenye bledi ni raba tu, fremu ya chuma inadumu. Ukinunua bledi ya kawaida ya gari ndogo, ukachomoa raba yake, ukachagua ile nyembamba inayoteleza kwenye makucha ya fremu ya zamani bila kulazimishwa, ukaikata kwa wembe kwa urefu wako, umemaliza. Vile viwaya viwili vya bapa vilivyo pembeni ya raba virudishe vikitazama upande uleule, ukivigeuza raba inapinda.

Upande wa abiria raba ilikuwa inarukaruka ikishuka na kutulia ikipanda. Ile ni dalili kwamba mkono umepinda, raba haisimami wima juu ya kioo, inaegemea upande mmoja. Nikaushika mkono kwa plaizi mbili nikaupinda kidogo sana mpaka raba ikasimama, kelele ikakata.

Kilichobaki ni kioo chenyewe. Mbele ya dereva kuna mistari ya nusu duara iliyokwaruzwa na fremu ya bledi wakati ule raba zilipokuwa zimeisha na mtu anaendelea kuwasha, mchana huioni, usiku taa za gari la mbele zikikupiga inatawanya mwanga. Poda ya kusugulia kioo inaondoa mikwaruzo midogo tu, ile ambayo ukucha haunasi, na hii ya mzee ukucha unanasa sehemu mbili, ukisugua mpaka iishe utabaki na bonde linalopinda picha. Nimemshauri abadilishe kioo, raba ya kioo pia imechoka na maji yanaanza kupenya kwenye kona ya chini. Yeye anasema kile kioo ndo alichotoka nacho dukani na usiku haendeshi. Kwa sasa tumekubaliana raba ya kioo inabadilishwa kabla ya vuli, kioo kinabaki.